Madamu Balozi na Kijitabu cha Mchungaji Rochat

Mchungaji Anselm Rochat alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna mtu wa Nan Kajou aliyekibishia: alijua kutatua matatizo ambayo watu hawakuwa nayo. Kwa miaka mingi aliyoishi kwenye vilima vile juu ya mji wa Jeremi alikuwa ameleta majiko ya udongo ya kubana matumizi ya kuni, ambayo kuku waliyapenda mno wakawa wanatagia humo. Alikuwa ameleta sungura. Watoto waliwapa sungura majina, na mnyama mwenye jina hapikiki, basi wakakaa hivyo hivyo wakizaana mpaka mbwa walipowamaliza. Alikuwa ameleta mashine ya kupukuchulia mahindi, ikafika mwaka ambao mahindi yalikauka shambani. Wakulima walipokea kila kitu kwa adabu, wakamwimbia Mungu wimbo wa shukrani, kisha wakachukua majembe yao wakaenda zao shambani kama siku zote.

Yeye mwenyewe alilijua hilo. Kila alipoyaandikia makanisa ya kwao Uswisi yaliyomtuma, alikaa na kalamu mkononi akitafuta namna ya kuyaeleza majiko bila kuwataja kuku.

"Watu hawa wana subira na wewe," mkewe Mariet alizoea kumwambia. "Mimi ningeshakufukuza."

Mariet alikuwa nesi. Alizalisha wanawake na kushona majeraha ya panga, na jioni alipolala alijua alichokifanya. Anselm alimwonea wivu kwa hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Kitu kimoja tu alichojiona anakiweza ni lugha. Kikrioli, lugha ya watu wa pale, alikisema mpaka akaweza kutania nacho, japo watu walisema Kikrioli chake kinatembea na viatu vya buti. Saa alizozipenda kuliko zote ni zile alizokaa ofisini kwake, chumba kidogo chenye sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, pamoja na Mwalimu Ovilma wa shule ya kanisa, wakitafsiri. Walikuwa wametafsiri mafundisho ya ubatizo, kijitabu cha kuzuia kuharisha na kijitabu cha kuzuia mmomonyoko wa udongo, na sasa walikuwa wakihangaika na nyaraka za Mtume Paulo. Shida ni kwamba wakulima hawakuvitaka. Kwao maandishi yalikuwa Kifaransa. Hata asiyejua kusoma alitaka karatasi yake iwe ya Kifaransa, aiweke juu ya kabati, ikae pale ikiheshimika. Karatasi ya Kikrioli ilikuwa kama mtu aliyekuja kanisani miguu mitupu. Anselm aliwahi kutoa hotuba ndefu juu ya fahari ya lugha ya mama, watu wakapiga makofi, na ni Ovilma aliyemnong'oneza baadaye kwamba kwa kupandwa na jazba nusu nzima ya mwisho alikuwa ameitoa kwa Kifaransa.

Hapo ndipo nguruwe walipoingia.

Miaka michache nyuma ugonjwa ulikuwa umezuka, ikatolewa amri nguruwe wote weusi wa nchi ile wauawe, wakauawa. Nguruwe mweusi alikuwa akila maganda ya embe na chochote alichokiokota, akalala popote usiku ulipomkutia, na siku ya ada ya shule au ya mazishi ndiye aliyefungwa kamba akapelekwa sokoni. Walipokwisha, nyumba nyingi za Nan Kajou hazikuwa na pa kukimbilia. Sasa mradi mmoja wa huko mji mkuu ukaleta nguruwe wa ng'ambo: wakubwa, weupe, wenye masikio ya rangi ya waridi na ngozi iliyobabuka wakiachwa juani. Kanisa la Anselm lingepewa jike mmoja mwenye mimba. Watoto wake wakishaacha kunyonya wangegawiwa familia, kwa masharti mawili. Kwanza, mchungaji atafsiri kwa Kikrioli kijitabu cha ufugaji na kuwafundisha watu. Pili, ajenge banda la mfano kama kijitabu kinavyoelekeza, ili kila atakayetaka mtoto wa nguruwe ajenge kama lile.

Gari lilipomshusha yule jike mbele ya kanisa, umati ulimtazama, kisha ukamtazama mchungaji, kisha ukamtazama tena nguruwe. Madamu Altagras, muuza mbaazi na shelisheli ambaye pia alikuwa shemasi, ndiye aliyeuliza kwa upole kama mgeni ametokea upande wa kina mchungaji. Anselm, aliyekuwa ameungua pua na masikio kwa jua la asubuhi hiyo, alisema hapana, huyu ametoka mbali zaidi. Tangu siku ile nguruwe akaitwa Madamu Balozi.

Kutafsiri kijitabu kulichukua muda kuliko alivyodhani, kwa sababu ya ugomvi. Ovilma alitaka kila sentensi itaje nguruwe. Nguruwe alale mahali pakavu. Nguruwe apewe maji safi. Anselm aliona huko ni kumpigia msomaji kengele sikioni. Kikrioli, kama lugha nyingine zenye busara, hakiwatengi mwanamume, mwanamke na mnyama. Neno moja dogo linawatosha wote. Kwa nini kuikataa tunu kama hiyo? Nguruwe yuko kwenye picha ya jalada, alisema, kila mtu anajua tunamzungumzia nani.

"Mtu akifungua katikati je?" Ovilma aliuliza.

"Nani anafungua kitabu katikati?"

"Mimi."

Anselm alimweleza habari za mtiririko wa maneno, za uzuri wa sentensi fupi, na akamsomea ukurasa mzima kwa sauti ili auonje. Ovilma alisikiliza, akavaa kofia yake, akasema lugha ni ya mama yake lakini kijitabu ni cha mchungaji, basi na kiwe hivyo. Anselm alilala siku ile akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda.

Banda nalo likaisha. Lilikuwa na sakafu ya saruji iliyoinamishwa kidogo ili maji yasituame, kuta za mawe hadi kiunoni, paa la bati jipya, na pipa la maji lenye bomba. Jumapili baada ya ibada watu walipanga foleni kuliona. Walilipitia kimya kimya kama wanaoaga maiti. Wanaume waligonga kuta na vifundo vya vidole. Madamu Altagras alivua kandambili zake kabla ya kuingia, akasimama katikati, akatazama juu kwenye bati.

"Halivuji?" akauliza.

"Halivuji hata tone," Anselm alisema, na alisema kwa majivuno, jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa aibu.

"Na huyu analala humu peke yake?"

"Peke yake. Mpaka azae."

Altagras alitikisa kichwa taratibu, akavaa kandambili zake, akaenda nyumbani. Watu wengine waliuliza saruji inapatikana wapi, na walipojibiwa walicheka, si kwa dharau, bali kama anavyocheka mtu aliyeambiwa mwezi upo umbali gani.

Vijitabu vilipofika kutoka kiwanda cha uchapaji vilikuwa vingi kuliko familia zote za kilima kile na kile cha pili yake. Mariet, ambaye Jumatano alifundisha kinamama kusoma, alikuwa hana kitabu cha kutosha darasa zima, akachukua hivyo. Anselm alipita nje ya kanisa akawasikia wakisoma kwa pamoja, kwa sauti ya juu, kwa raha ambayo hawakuwahi kuionyesha kwa kijitabu cha mmomonyoko. Alisimama dirishani akasikiliza maneno yake mwenyewe yakisomwa. Aliwaza kwamba hatimaye ameleta kitu kinachopendwa. Hakuingia kuuliza wanapenda nini.

Mvua za Oktoba zikaja. Zilinyesha siku tatu mfululizo, na mapambazuko ya siku ya nne zilipotulia, Anselm alivaa buti akashuka na ndoo ya pumba kwenda kumtazama Madamu Balozi. Alimkuta nje, amefungwa kamba kwenye mshelisheli, ametapakaa matope mpaka machoni, na kwa mara ya kwanza tangu aje alionekana mwenye furaha. Ndani ya banda kulikuwa na moshi wa kahawa.

Anselm alisimama mlangoni. Sauti ilitoka ndani, ikimkumbusha adabu: mtu akifika kwa watu hubisha.

"Heshima," akasema, kama wasemavyo huko.

"Taadhima," akajibu Madamu Altagras. "Pita, Mchungaji. Pangusa miguu."

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha majani, amevaa gauni la kanisani kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa kavu. Wajukuu zake wawili wa kike, ambao mama yao alikuwa akifanya kazi mji mkuu, walikuwa wamelala juu ya godoro pembeni wamefunikwa shuka moja. Kwenye kona kulikuwa na sufuria, sanduku la nguo, na gunia la mbaazi limeinuliwa juu ya mawe. Kilima kilikuwa kimeporomoka usiku, akaeleza, kikachukua ukuta wa nyuma wa nyumba yake na nusu ya paa. Hakuna aliyeumia. Majirani walimsaidia kubeba.

Jambo la kwanza lililomjia Anselm moyoni, na alilikamata likiwa bado linapita, lilikuwa sakafu. Aliiona sakafu yake mpya ina masizi ya moto, akakasirika. La pili ndilo lililokuwa wasiwasi juu ya watoto. Alizijua zamu hizo mbili zilivyofuatana, na hakuna mtu mwingine aliyezijua, na alitamani hata yeye asingezijua.

Alisema pole. Alisema kanisa litasaidia. Kisha, kwa sauti aliyoitumia kwenye mikutano ya wazee, akasema kwamba hata hivyo banda hili lina masharti, na kwamba mradi una kanuni zake, na kanuni zenyewe zimeandikwa.

"Ndiyo, zimeandikwa," Altagras alisema. Akachomoa kijitabu kifuani, kile alichopewa kwenye darasa la Jumatano. Jalada lilikuwa limekwenda na maji. Alikifungua katikati, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma polepole, bila kukosea:

"Alale mahali pakavu, penye sakafu ngumu na paa lisilovuja. Apewe maji safi asubuhi na jioni. Jua likiwa kali, atafutiwe kivuli. Asipigwe wala asifokewe, maana mwenye hofu hanawiri. Akiwa na watoto apewe chakula zaidi, kwa kuwa mwili wake unafanya kazi ya wengi." Akainua macho. "Sasa nionyeshe palipoandikwa nguruwe."

Anselm alikichukua kijitabu. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. Alikuwa amefanya kazi safi sana. Hakukuwa na nguruwe hata mmoja.

"Yuko kwenye jalada," akasema.

"Biblia yako ina msalaba kwenye jalada, Mchungaji. Mbona ndani wamo watu wa kila namna?"

Mmoja wa wale wasichana aliamka, akauliza kama mchungaji amekuja kuwatoa. Bibi yake akasema hapana, mchungaji amekuja kunywa kahawa. Anselm akaketi juu ya sanduku, akanywa. Na akiwa pale akakumbuka kwamba kila Pasaka alikula kwa mama huyu, kwenye nyumba ile ile iliyoporomoka, na kila Pasaka kiti chake kiliwekwa mahali pamoja, mkono wa kulia wa mlango. Alikuwa akidhani ni pa heshima. Sasa ndipo alipofahamu kwamba palikuwa mahali pekee pasipovuja, na kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuinua macho.

Alirudi nyumbani kumweleza Mariet. Mariet aliacha kuchemsha sindano, akaketi, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akanyamaza ghafla akauliza watoto wamekula nini. Alijaza kikapu chakula na nguo kavu. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na Madamu Balozi utamlaza wapi? Kijitabu kinasema sakafu ngumu na paa."

Sakafu za saruji zilikuwa mbili tu zaidi katika Nan Kajou yote. Moja ilikuwa ya kanisa, na wazee wa kanisa walipoulizwa walijibu kwa kumtazama tu. Nyingine ilikuwa ya ofisi.

Basi mchungaji akahamia na nguruwe. Alimwekea majani makavu chini ya rafu ya kamusi, naye akabaki na meza. Asubuhi ya kwanza alijaribu kumtolea maombi, nguruwe akamjibu kwa mlio ambao ulimfanya apoteze mstari. Harufu ilimzoea, au yeye aliizoea, hakuweza kujua, ila Jumapili alipopanda mimbarani safu ya mbele ilisogea nyuma kwa pamoja kama iliyoamriwa. Ovilma aliendelea kuja kutafsiri. Aliketi dirishani akiwa ameziba pua kwa leso, na kila walipofika kwenye kiwakilishi alimuuliza mwenzake, kwa unyenyekevu mkubwa, kama hapa wasomaji watajua tunamzungumzia nani.

Siku moja Anselm alitoka kidogo kwenda kupokea mgeni, na aliporudi Waraka kwa Filemoni haukuwepo. Ulikuwa umekaa mezani ukisubiri kunakiliwa, kazi ya mwezi mzima. Kipande cha salamu za mwisho kilikuwa bado kimening'inia mdomoni mwa Madamu Balozi.

"Angalau tumepata mmoja aliyeusoma mpaka mwisho," Mariet alisema.

Huku nyuma watu walitoa viazi vikuu na shelisheli kwa Altagras, lakini nyumba hakuna aliyeanza kuijenga, kwa sababu mvua ilikuwa haijaisha na kila mtu alikuwa na ukuta wake wa kuegemeza. Anselm aliahidi ataandika kuomba msaada Uswisi. Aliketi kuandika, akaikuta ile shida yake ya zamani ya kutafuta neno, mara hii la kumweleza nguruwe ofisini. Barua haikuisha.

Bwana Shamba Valsen wa mradi alikuja bila kutoa taarifa, mchana wa Alhamisi, kwenye gari lenye matope mpaka kwenye vioo. Alikuwa kijana wa mji mkuu, mwembamba, mwenye viatu vilivyopigwa dawa, na Kifaransa kilichonyooka kama pasi za suruali yake. Alisema amekuja kukagua banda la mfano. Anselm, akimtangulia njiani, alijitungia maelezo. Aliyatunga kwa Kifaransa, akayageuza kwa Kikrioli, akajaribu na Kijerumani cha shuleni, na kote yalibaki kuwa uongo. Walipofika bandani alikuwa hajasema neno.

Altagras alimkaribisha mgeni, akampa kiti, akamkatia shelisheli la kuchoma na pilipili ya siki. Valsen alitazama godoro, akatazama sanduku, akatazama kamba ya nguo iliyokatiza chini ya bati.

"Nguruwe yuko wapi, mama?" akauliza, safari hii kwa Kikrioli, maana Kifaransa kilikuwa kimemtoka.

"Yuko kwa Mchungaji, ofisini. Wanaelewana."

Valsen alimgeukia Anselm kwa uso wa mtu anayetaka kuambiwa kwamba huo ni utani. Kabla Anselm hajafungua mdomo, Mariet akaita kutoka juu, kwa sauti aliyoitumia kwa mambo ya kweli tu. Madamu Balozi alikuwa ameanza kuzaa.

Walipanda kilima mbio. Ofisini Mariet alikuwa amepiga magoti katikati ya kamusi zilizoanguka, mikono imepakwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nguruwe alikuwa amejisukuma chini ya meza na hakukubali kutoka, basi wanaume wawili wakaamriwa waiinue meza na wakae wameishika hivyo. Waliishika. Anselm upande mmoja, Bwana Shamba upande wa pili, viatu vyake vya dawa vikizama kwenye majani yaliyolowa. Valsen alinong'ona kwamba cheti chake ni cha udongo na mazao, wanyama aliwasoma kwenye picha tu. Anselm alinong'ona kwamba baba yake alikuwa na ng'ombe thelathini na ndiyo sababu yeye alikimbilia uchungaji. Wakacheka, meza ikatikisika, Mariet akawakemea wote wawili. Mtoto wa kwanza akatoka, akafutwa kwa kitambaa. Akatoka wa pili. Na mlango ulikuwa umeshajaa watu wa Nan Kajou, kila anayetokea akipokewa kwa minong'ono kama mwanakwaya anayepanda jukwaani. Walipofika tisa, mama yao akapumua, akalala.

Meza ikashushwa. Valsen alinawa, akavaa tena koti lake, na pamoja na koti akavaa kazi yake. Alisema anasikitika. Banda limetumiwa kinyume na masharti, hivyo mama na watoto watapakiwa garini wapelekwe parokia nyingine. Hakuwa amefurahi kulisema, ila alilisema.

Altagras alipenya katikati ya watu, kijitabu mkononi.

"Ukurasa wa mwisho, Bwana Shamba. Usome wewe, wasije wakasema nimeongeza."

Valsen alikichukua. Alikuwa amesoma miaka yote kwa Kifaransa, na Kikrioli hakuwahi kukiona kimechapwa, basi alisoma kwa kusuasua, akionja kila neno la mama yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Akiwa na watoto wachanga asihamishwe, asisumbuliwe. Aachwe mahali alipozoea mpaka watoto wapate nguvu." Akasoma tena moyoni. Akatazama nguruwe kwenye majani, kisha akatazama wale wasichana wawili waliomshika bibi yao gauni. "Nani ametafsiri hiki?"

Anselm alinyoosha mkono juu kama mwanafunzi. Ovilma, pale dirishani, alitazama dari.

"Hapa mnamzungumzia nani?" Valsen akauliza.

Anselm alijua jibu sahihi, na alijua jibu ambalo wote walikuwa wakilisubiri. Aliangalia kile kiti cha majani akilini mwake, mkono wa kulia wa mlango.

"Yeyote mwenye watoto," akasema.

Valsen alikikunja kijitabu, akakitia mfukoni. Akasema atarudi watoto wakishaacha kunyonya, na siku hiyo atapenda kukuta nguruwe kwenye banda la nguruwe na watu kwenye nyumba ya watu. Namna watakavyofanya asingependa kuijua. Akaomba maji ya kuoshea viatu.

Kwa hiyo nyumba ya Altagras ikajengwa, kwa ujima, ngoma ya kazi ikipigwa tangu asubuhi na sufuria za mtama na mbaazi zikitokota pembeni. Bati zilitoka kwenye akiba ya kibaraza cha kanisa. Wazee walinung'unika, kisha wakazipigilia wenyewe. Altagras alisimamia vipimo akiwa na kijitabu, akataka sakafu iinamishwe vile vile. Anselm alivua shati akajiunga na waliokuwa wakikanyaga udongo wa kuta. Alikanyaga bila kufuata mdundo, akawatoa wenzake kwenye mdundo, mpaka kiongozi wa wimbo akatunga beti papo hapo juu ya korongo mweupe aliyepotea kwenye jaruba. Walimhamishia kubeba maji. Alimwaga ndoo mbili. Wakamhamishia kumenya ndizi kwa kinamama, na huko ndiko alikomalizia siku, mikono imeganda utomvu, akichekwa, na hakukumbuka siku nyingine pale Nan Kajou aliyokuwa na raha kiasi kile.

Mama na wanawe walirudi bandani kabla Valsen hajarejea. Valsen alikagua, akaridhika, akala tena shelisheli kwa Altagras chini ya paa lake jipya. Wale watoto wa nguruwe waligawiwa. Wengi hawakuufikia mwaka wa pili, maana pumba iliadimika na vilima havikuwa vyao. Wawili walijifunza kula maganda ya embe wakaishi. Mradi wenyewe ulifungwa kimya kimya, kama ilivyo desturi ya miradi. Anselm na Ovilma walimrudia Filemoni wakamtafsiri upya, na mara hii walipobishana juu ya kiwakilishi, kila mmoja alishika upande aliokuwa nao mwenzake.

Vijitabu ndivyo vilivyokaribia kwisha, kwa jinsi watu walivyovichukua. Mwaka uliofuata, kipindi cha kuvuna kahawa, mwanamume mmoja ambaye Anselm hakumfahamu alifika uani, ametembea kutoka ng'ambo ya mto, akabisha kwa heshima na kujibiwa kwa taadhima. Alivua kofia. Alisema ametumwa na mkewe na dada za mkewe kuchukua kile kitabu cha Kikrioli kinachoeleza namna ya kumtunza mwanamke.

Anselm alimkaribisha kiti. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa na alitaka mara moja maishani aseme jambo lilivyo, akamweleza kwamba kile ni kitabu cha nguruwe.

Yule mtu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alisema kule kwao wameshaambiwa kwamba mchungaji atasema hivyo. Akaomba nakala nne, na akauliza, kama si kumsumbua, kipo pia cha wanaume?